Protekta ya godoro kwa mtoto anayekojoa kitandani: kagua mshono kabla hujatoa hela

Mwezi wa tatu nilimnunulia mwanangu wa pili godoro jipya, futi 3½ kwa 6, inchi 8, laki mbili na kitu. Ana miaka minne na usiku bado anakojoa, kwa hiyo siku hiyohiyo nikapitia Kariakoo nikachukua na protekta, kile kitambaa cha kuvalisha godoro lisilowe, ya 45,000. Muuzaji aliitandaza juu ya kaunta, akamimina nusu chupa ya maji katikati, akaigeuza nikaona chini pakavu. "Dada, hii hata umwage ndoo." Nikalipa.

Wiki ya tatu chumba kikaanza kunuka. Nikavua shuka, nikavua na protekta. Katikati ya godoro palikuwa peupe kama siku lilipotoka dukani. Upande wa ukutani, ambako ndiko anakolala, palikuwa na mchirizi wa njano mrefu kama mkono wangu, na ukibonyeza sponji inatoa majimaji. Nililia siku ile, kwa sababu godoro lile nililidunduliza miezi minne.

Nikatafuta tepu. Futi 3½ ni sentimita 107. Protekta niliyouziwa ilikuwa na upana wa sentimita 100 na urefu wa 200. Sehemu isiyopitisha maji ni ile ya juu peke yake. Pembeni kuna sketi ya kitambaa chepesi chenye lastiki, na sketi hiyo haizuii kitu. Upana ukipungua sentimita 7, maana yake kila upande mshono unapanda juu ya godoro sentimita 3 na nusu. Na mshono ni safu ya matundu ya sindano! Mtoto naye halali katikati. Amejikunja ubavu, kasogea hadi ukutani, sponji imebonyea chini yake, mkojo unafuata mteremko moja kwa moja mpaka kwenye mshono, unazama. Urefu nao ulizidi sentimita 17, nguo ikabaki makunyanzi miguuni, akipiga mateke yote inahama.

Tangu hapo, nikiulizwa protekta ipi nzuri, naanza kuuliza mshono wake unakaa wapi godoro likishavalishwa. Ulaini, rangi na picha za dubu baadaye.

Ninayoipa namba moja ni Protect-A-Bed ya Afrika Kusini, na sifichi kwamba naipenda. Juu ina kitambaa kama taulo, chini yake utando mwembamba wa poliyurethani unaozuia maji lakini unapitisha mvuke wa jasho, kwa hiyo joto la Dar mtoto analivumilia na hakuna ile kelele ya chakarachakara akigeuka. Lakini kilichoniteka ni vipimo. Wenzetu kule vitanda vyao vinafuata futi kama vyetu: kile wanachokiita robo tatu ni sentimita 107 kwa 188, na cha futi 5 ni 152 kwa 188. Godoro letu la 3½ kwa 6 ni 107 kwa 183. Upana unalingana kabisa, urefu unazidi sentimita 5 tu ambazo zinajificha chini. Mshono unashuka ubavuni, mahali unapotakiwa kuwa. Mdogo wangu alinibebea mbili alipokuja likizo, na pamoja na usafiri kila moja ilinigharimu zaidi ya laki. Ni hela nyingi, najua. Lakini protekta ya 45,000 iliniharibia godoro la laki mbili, kwa hiyo hesabu hiyo nimeshaipiga. Ukiwa na mtu Johannesburg au Durban, mtume, na mtajie sentimita, usimtajie futi.

Kama huna mtu huko, namba mbili ni kava la leza, ile ngozi ya bandia, la kushonesha kwa fundi, lenye zipu, linalomeza godoro lote kama yale ya hospitali. Nenda na vipimo vyako, na msisitizie fundi kwamba juu na mbavu nne ziwe kipande kimoja kilichokunjwa, mshono na zipu vikae upande wa chini. Mafundi wengi watataka kushona kama mto wa kochi, mshono ukizunguka ukingo wa juu, kwa sababu ndivyo walivyozoea na kitambaa kinatumika kidogo. Kataa. Simama hapohapo akikata. Ubaya wa leza ni joto, kwa hiyo juu yake tandika blanketi jembamba la pamba halafu ndiyo shuka.

Namba tatu ni hizi protekta za Kariakoo na za kwenye kurasa za Instagram. Zipo zenye utando mzuri kabisa, tatizo ni kwamba zimekatwa kwa vitanda vya sentimita 100, 120, 150 na 180 kwa 200. Za 120 na 180 kwenye godoro la futi 4 au 6 zinapungukiwa sentimita 2 au 3 za upana, na za 150 kwenye futi 5 zinapungukiwa 2. Kwa mtu mzima anayeogopa kumwaga chai si neno. Kwa mtoto anayelala ukingoni ni tatizo lilelile. Ukilazimika, chukua inayozidi upana na ufunge pembe kwa pini kubwa chini ya godoro. Na ipime kwenye mshono: kunja pembe iwe kama kikombe, weka tishu chini, mimina maji, subiri dakika kumi.

Hapo ndipo utagombana na wauzaji. Nilirudi dukani na uchungu wa godoro langu moyoni, nikaomba nipimiwe nyingine kwenye mshono, nikaambiwa nitaharibu mali ya watu. Lakini wao wakimwaga maji katikati, mali haiharibiki! Ukutani kibao kimeandikwa mali ikiuzwa hairudishwi. Na maduka ya vitu vya watoto ndiyo yananiumiza zaidi: protekta ileile, lebo ileile, ukiitia kwenye mfuko wenye picha ya mtoto mchanga inapanda kutoka 45,000 hadi 70,000. Wanajua mama aliyechoka kuanika godoro kila asubuhi, huku majirani wakimwita mwanawe kikojozi, hatabishana bei. Mtoto wa miaka minne hana kosa lolote. Hata madaktari hawahesabu kukojoa kitandani kuwa ugonjwa kabla ya miaka 5. Na godoro tunazinunua kwa futi, viwanda vinakata kwa futi, basi protekta za futi ziko wapi?

Mpira wa kujifungulia unasaidia safari moja au mbili, ukitandikwa kwa upana na ncha zikachomekwa chini ya godoro. Pedi za famasi za sentimita 60 kwa 90 zinahama usiku. Nailoni ya mita usimtandikie mtoto mdogo, ikivuka shuka inaweza kumfunika uso.

Ukishapata nzuri, itunze. Usiiloweke kwenye jiki, usiipige pasi, ianike kivulini upande wa taulo ukiwa juu. Mimi natandika protekta, shuka, kipande cha mpira, halafu shuka nyingine. Saa tisa usiku akilowanisha navuta viwili vya juu, namvisha kaptula kavu, anarudi kulala kabla hajaamka vizuri.