Sauti ya mashine inayokusomea mswada wako: maoni yangu baada ya sura 22

Naanza na aibu yangu ili muelewe kwanini nakisifia hiki kitu. Kwenye sura ya sita ya riwaya ninayoandika kuna binti anamkataa mchumba wake mbele ya wazazi, hilo tukio nimelihangaikia wiki tatu, nimelisoma labda mara kumi, rafiki yangu nae kalisoma akaniambia limemliza. Sasa siku nimeweka kompyuta inisomee ikafika pale ikasema bila wasiwasi wowote, "Akasimama, akamkata mchumba wake mbele ya wazazi." Akamkata! Yani mtoto wa watu nimempa panga bila kujua. Ni a moja tu imepotea, na kikagua tahajia hakiwezi kukushtua kwa hilo maana akamkata ni Kiswahili safi kabisa, na mimi na huyo aliyelia wote tulisoma akamkataa kwa sababu ndicho tulichotegemea kukuta.

Kwa ambao hamjawahi kutumia, hakuna cha kununua. Word wanayo hii ya kusoma kwa sauti, ukibonyeza Alt, Ctrl na Space inaanza. Mimi nimehamia kwenye Edge, kivinjari cha Microsoft, nahifadhi sura kama PDF naifungua humo alafu Ctrl, Shift na U, basi. Humo kuna sauti nne za Kiswahili, Rehema na Daudi kwa Kiswahili cha Tanzania, Zuri na Rafiki kwa cha Kenya, mi wangu ni Rehema. Kwenye simu pia nilijaribu apu moja, hiyo sitaitaja jina, nitaieleza chini huko.

Watu wengi watasema si usome tu mwenyewe kwa sauti. Nimefanya hivyo miaka mingi na bado nafanya ila tatizo la kujisomea ni kwamba unaigiza. Unajua pale mzee amekasirika kwahiyo unakaza sauti, unajua pale pa kuvuta pumzi hata kama hujaweka mkato, sentensi mbovu unaibeba mgongoni mpaka inavuka mto. Ukimpa mtu akusomee, kama anakupenda nae ataibeba. Mashine haikubebei kitu. Usipoweka mkato haipumziki, inaenda tu, mpaka unaanza kukosa pumzi wewe unayesikiliza, na aya niliyokuwa najisifia kwamba inatiririka nikaisikia ilivyo, mstari wa sita bado tunatafuta kitenzi.

Kitu cha pili ni marudio. Kila mwandishi ana neno lake la ulevi na halioni. Mimi kumbe watu wangu wote wanashusha pumzi. Mama kashusha pumzi, dereva kashusha pumzi, polisi anayekuja kukamata nae kashusha pumzi kwanza. Kwenye karatasi inapita, ila ukisikia sauti ile ile inasema "alishusha pumzi ndefu" kwa toni ile ile mara ya nne ndani ya robo saa unataka kujificha chini ya meza. Nilitafuta kwenye faili zima nikakuta 31. Nimebakiza 4, na hata hizo kuna moja naitilia mashaka.

Ila kwenye mazungumzo ndo imenifundisha zaidi, na hapa ndo nawashauri mnaoandika hadithi zenye watu wengi mjaribu hata kama hamtajaribu kwingine. Mashine inawapa wahusika wote sauti moja, bibi na mjukuu wanaongea sawa. Kwahiyo ukishindwa kujua nani anasema, ujue uliwatofautisha kwa "alisema fulani" tu na sio kwa maneno yao. Nilichofanya, nilikopi mazungumzo ya sura ya tisa kwenye faili jipya nikafuta "alisema", "alijibu", "aliuliza" zote, nikaacha maneno ya vinywani tu, nikakaa nasikiliza macho nimefumba. Wahusika watatu, nikawa namtambua mmoja tu, yule mlevi, kwa sababu hamalizi sentensi. Wale wawili wengine wote walikuwa mimi. Wote wanaongea kama mtu aliyesoma vitabu anayejaribu kuwa na hekima. Ilibidi nirudi nimpe mmoja tabia ya kujibu swali kwa swali, na yule mwingine nikamnyang'anya methali zote, hana ruhusa ya methali mpaka riwaya iishe.

Ninavyotumia: sura naiacha ilale siku nne tano, alafu asubuhi kabla sijaandika chochote naiweka inisomee. Mikono mbali na kibodi, hii ni muhimu, maana ukianza kurekebisha hapo hapo unapoteza mdundo wa ukurasa mzima na unarudi kusoma kwa macho. Nina kalamu na daftari, nikikwazika naandika maneno mawili matatu ya pale nilipokwazikia, basi. Sura ya maneno 3,000 kwangu inachukua kama dakika 25. Usisikilize ukiwa unaosha vyombo, nilijaribu, sikukamata kosa hata moja na kikombe kilivunjika.

Ubaya sasa. Sauti zile nzuri zinataka intaneti, maana maandishi yako yanatumwa nje yakatengenezewe sauti, kama una wivu na mswada wako hilo lifikirie. Utani unakufa. Nina ukurasa mmoja wa msibani ambao kila aliyeusoma kacheka, mashine ikausoma kama orodha ya mahudhurio na mimi mjinga nikaufuta wote, kesho yake nikaurudisha. Kwahiyo isikuamulie kitu kinachochekesha wala kinachotisha, hayo pelekea watu.

Na ile apu ya simu jamani. Ng'ombe haijui. Ikifika kwenye ng' inakwama kama imemeza mfupa. Alafu kuna barabara. Barabara ya kupita magari unakazia silabi ya pili kutoka mwisho, ila barabara ya "sawasawa" unakazia ya pili kutoka mwanzo, mtoto yeyote anajua hilo bila kufundishwa. Yenyewe inajua ya magari tu. Mhusika wangu anamkazia macho adui yake, tukio zito, pumzi zimebanwa (hazijashushwa, nimejifunza), mara nasikia "Akamtazama barabara" kwa lafudhi ya lami, nikaona magari yanapita katikati yao. Nimecheka mpaka nikasimamisha kazi.

Nyota nne. Ya tano naishikilia mpaka wajifunze barabara, na mtajua wenyewe hiyo mkazie wapi.