Silikoni ya bafuni ya mrija: inaziba vizuri ikipewa siku mbili bila mtu kuoga

Mrija mmoja wa silikoni ya bafuni, ile rojo ya kuzibia maungio, wa mililita 300, unatoa mstari wa karibu mita 12 ukiwa na upana wa milimita 5 na kina cha milimita 5. Beseni la kuogea la sentimita 170 kwa 70 lililobanwa na kuta tatu lina maungio ya mita 3.1 tu. Kwa hiyo mrija mmoja unazungusha beseni, sinki na kona zote za shawa, na bado kitu kinabaki. Ikipigwa vizuri inakaa miaka bila kupitisha tone. Ikipigwa vibaya maji yanapenya nyuma ya vigae, ukungu mweusi unachomoza, na mke na mume waliofanya kazi hiyo pamoja wanaanza kuulizana nani aliharakisha.

Naipa nyota nne kati ya tano, kwa matumizi ya nyumbani bila fundi. Nyota ya tano imepotea kwa sababu ya maandishi ya mgongoni mwa mrija. Kinachoandikwa kwa herufi kubwa ni dakika 10, 15 au 20. Huo ni muda wa uso kushika ngozi, yaani kuacha kunata kidoleni. Chini ya ngozi hiyo silikoni bado ni laini kama ilivyotoka. Haikauki kwa kupoteza maji kama rangi ya ukutani. Inaganda kwa kunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo unaingia kutoka juu kwenda ndani taratibu, milimita 2 hadi 3 kwa saa 24. Ungio lenye kina cha milimita 6 linataka siku mbili kamili, wakati mwingine tatu. Taarifa hiyo ipo kwenye mrija, ila iko chini kabisa, kwa herufi za kuinamia.

Na watu hukumbuka bafu lini? Siku moja kabla ya wageni wa likizo. Mama mkwe anaingia kesho, wapwa wanakuja na mabegi yao, na ule mstari mweusi kando ya beseni uliovumiliwa mwaka mzima sasa haustahimiliki. Mmoja anasema tuumalize leo usiku, mwenzake anasoma "dakika 15" na kukubali, na alfajiri mtu anaoga. Anapokanyaga, beseni linashuka kidogo sana, labda nusu milimita, lakini hiyo inatosha: ngozi inabanduka pale iliposhikana na kigae. Mpasuko huo hauonekani kwa macho. Unajulikana baadaye, ukungu unapoota ndani ya silikoni yenyewe, mahali ambapo hakuna brashi inayoufikia.

Kama wageni wako njiani na siku hazitoshi, acha ungio la zamani lilivyo. Lisugue kwa dawa ya klorini, lisuuze, likauke, basi. Mstari mkuukuu uliosafishwa ni afadhali kuliko mpya uliooga kabla ya kuganda. Wakati mzuri wa kazi hii ni pale familia yenyewe inapoondoka kwenda likizo. Siku moja kabla ya safari kwangua na kausha. Asubuhi ya safari piga silikoni, acha mlango wa bafu wazi na kidirisha kikiwa na upenyo, kwa sababu silikoni inahitaji hewa yenye unyevu ili igande. Kupiga kwenyewe, maandalizi yakiwa tayari, hakuzidi saa moja.

Sasa ununuzi. Kuna silikoni inayonuka siki na isiyonuka. Ya siki inashika upesi na inang'ang'ania vizuri kwenye kioo na vigae vyenye mng'ao, na kwa bafu la kawaida inatosha kabisa. Ila asidi inayotoka wakati inaganda inakula shaba na mabati, inaharibu ule utando wa fedha nyuma ya kioo cha kujitazamia, inatia madoa jiwe la marumaru, na kwenye saruji tupu haishiki sawasawa. Ukiwa na kimoja kati ya hivyo chukua isiyo na siki, ambayo inashikana pia na plastiki nyingi kuliko mwenzake. Hakikisha mrija umeandikwa kuwa una dawa ya kuzuia ukungu. Na angalia tarehe. Silikoni iliyopitwa na muda inatoka kwenye mrija kama kawaida, inalainishwa kama kawaida, halafu haigandi kamwe. Inabaki inanata kama ulimbo hadi ikwanguliwe yote. Ukiwa na shaka, kamulia kidogo kwenye karatasi. Baada ya saa moja isiposhika ngozi, irudishe dukani.

Rangi ni suala la macho yenu, lakini ushauri wangu ni kijivu kinachokaribiana na grauti, yaani saruji inayojaza nafasi kati ya vigae. Nyeupe inaonyesha kila doa. Isiyo na rangi inaonyesha mapovu na uchafu wote uliobaki ndani ya pengo.

Kazi nyingi huharibika kabla bunduki ya kukamulia mrija haijashikwa. Silikoni mpya haishikani na silikoni ya zamani, hata ikiwa ya zamani inaonekana nzima. Kwa hiyo kupaka juu yake ni kuficha tu. Kata kwa kisu pande zote mbili za mstari, upande wa kigae na upande wa beseni, uvute utepe mzima, kisha kwangua mabaki kwa kikwanguo cha plastiki kisichochubua beseni. Utando mwembamba unaobaki hauonekani ila unasikika: pitisha kidole kilicholowa, na pale kinapokwama kama kwenye mpira, bado kuna silikoni. Ukungu uliobaki kwenye grauti upigwe klorini, na hapa tahadhari ya kweli: klorini isikutane na siki wala dawa ya choo yenye asidi, kwani mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu. Suuza kwa maji mengi, acha pengo likauke saa 24, halafu futa kwa kitambaa chenye spiriti. Wanaoruka hizo saa 24 kwa kuona juu pamekauka ndio wanaorudia kazi, maana maji hujificha ndani ya pengo, nyuma ya grauti, na silikoni haishiki juu ya kigae chenye maji.

Kabla ya kupiga, jaza beseni maji. Lita 150 ni kilo 150, na uzito huo unalishusha beseni mahali litakapokuwa mtu akiwa ndani. Ukiziba likiwa tupu, kila kuoga kunavuta ungio. Ukiziba likiwa limejaa, beseni likimwagwa silikoni inabanwa kidogo, jambo inalolimudu bila shida. Maji yabaki mpaka silikoni igande. Mkisafiri, funga bomba vizuri na uhakikishe halidondoshi, ili beseni lisije likafurika. Mkibaki nyumbani na watoto wadogo, mlango wa bafu ufungwe kwa ufunguo muda wote huo.

Bunduki. Usinunue ile ya fremu nyembamba yenye fimbo ya meno. Kila jino linaruka kwa mshtuko, silikoni inatoka kwa vipande, na ukiacha kubonyeza inaendelea kutiririka kwa sababu shinikizo limebaki ndani. Chukua yenye fimbo laini ya duara na kibonyezo cha nyuma: mwisho wa kila mstari unakibonyeza kwa kidole gumba, fimbo inalegea, mtiririko unakoma.

Mrija una shingo fupi yenye hesi, na juu yake kifuniko cha plastiki kilichozibwa. Kata ncha ya shingo hiyo juu ya hesi. Ukikata chini, pua, ile koni ndefu ya plastiki inayotoa silikoni, haina cha kujifungia, na silikoni itatokea pembeni ikamwagika kwenye mkono wa bunduki. Funga pua, kisha uikate kwa mshazari wa nyuzi 45 kwa kisu chenye makali, tundu likiwa dogo kidogo kuliko upana wa mstari unaotaka. Tundu likiwa kubwa silikoni inazidi, na silikoni iliyozidi ndiyo inayopakaa kila mahali wakati wa kulainisha.

Pengo likizidi upana wa milimita 10, lijaze kwanza kwa kamba ya sponji. Kamba hiyo inapunguza kina, na pia inaizuia silikoni isishike pande tatu. Silikoni inapaswa kushika kuta mbili tu ili iweze kuvutika kama mpira. Ikishika na chini pia, inachanika katikati.

Hii ni kazi ya watu wawili, na ndoa nyingi zingeifanya kwa amani zaidi kama mgawanyo ungekubaliwa kabla ya mrija kukatwa. Mmoja ashike bunduki tu. Mwenzake awe na ndoo ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo, karatasi za kufutia, na kidole kilichovikwa glovu. Kabla ya yote bandikeni tepu ya karatasi juu na chini ya ungio, ikiacha nafasi ya milimita 6 hivi. Mwenye bunduki anapiga upande mmoja wa beseni bila kusimama, mwenzake anafuata papo hapo kwa kidole kilicholowa, mkupuo mmoja, bila kurudi. Kurudi ndiko kunakoharibu. Kila anayerudi "kurekebisha kidogo" anachimba bonde, anajaza tena, anachimba tena, na ngozi inaanza kushika huku bado wanabishana. Mwenye kidole ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu mstari. Mwenye bunduki asimwonyeshe kosa mpaka upande huo uishe. Maji ya sabuni yawe ya kulowesha kidole tu. Yakichirizika kwenye pengo ambalo halijapigwa, silikoni haitashika hapo.

Tepu ivuliwe mara upande unapokamilika, ikiwa bado mbichi, kwa kuivuta kwa mshazari kuelekea nje ya ungio. Ikingojewa hadi ngozi ishike, inanyanyua ukingo wote na kuacha nyuzi zilizochanika. Mabaki mikononi yafutwe kwa karatasi kavu kwanza. Maji yanaisambaza tu. Kwa ile ya siki, dirisha liwe wazi kabisa wakati wa kupiga, kwa sababu mvuke wake unawasha macho.

Kuna mahali silikoni haifai. Haipakiki rangi: rangi inajikunja juu yake kama maji kwenye mafuta, kwa hiyo mpasuko wa ukuta au fremu ya mlango unataka kizibio cha akriliki. Fremu ya shawa yenye kioo izibwe upande wa nje tu, ili maji yanayoingia ndani ya fremu yapate njia ya kurudi kwenye trei, na vile vitundu vidogo chini ya fremu za alumini visizibwe hata kimoja. Kuhusu kuzungusha silikoni chini ya choo mafundi hawakubaliani. Mimi naunga mkono kuzungusha na kuacha wazi sentimita chache upande wa nyuma, ili maji yakivuja chini yajitokeze sakafuni badala ya kuozea huko.

Mrija uliobaki, ziba pua kwa msumari mrefu kisha zungushia tepu. Sehemu ya mbele itaganda na kutengeneza kizibo, ambacho kitavutwa pamoja na msumari. Usiuwekee matumaini ya mwaka mzima. Itumie ndani ya wiki chache kwenye sinki la jikoni.

Mkirudi safarini, mwageni maji ya beseni taratibu, kisha bonyezeni mstari kwa ukucha sehemu tatu au nne, hasa kwenye kona ambako silikoni huwa nene. Uwe kama mpira, bila kubonyea kama gundi mbichi. Baada ya mtu wa kwanza kuoga, lazeni karatasi kavu ya chooni juu ya sakafu kando ya beseni na nyingine nyuma ya paneli ya pembeni kama inafunguka. Mziache nusu saa. Ikilowa kwenye kona, kata sentimita 10 kila upande wa kona hiyo hadi kwenye kigae, kausha siku nzima, na upige hapo tu. Kitakachobaki kwenye mrija kinatosha.