Koki ya mafuta ya DT 125 iliyokuwa ikivuja: nilichojaribu hadi ikakauka

Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT 125 ya marehemu baba. Alikuwa bwana shamba, na ndiyo aliyozungukia mikorosho ya watu kuanzia Naliendele hadi Nanyamba msimu wa kupuliza salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho. Niliporithi ilikuwa bado inawaka kwa kiki mbili. Kilichonisumbua ni koki ya mafuta, yaani kile kibomba chini ya tangi kinachofungua na kufunga petroli inayoenda kwenye kabureta.

Ninakaa Mikindani, hatua chache kutoka baharini, na usiku pikipiki inalala ndani, ukumbini, kama ilivyo kwa wengi huku. Mwanzoni niliona alama ya kahawia tu chini ya koki, kama chai iliyokaukia kwenye kikombe. Ile ni petroli iliyotoka kidogo kidogo, ikapotea hewani na kuacha mabaki yake. Baadaye ikawa harufu. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, hii harufu na jiko la mkaa haviwezi kulala nyumba moja." Alisema kweli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi ukutane na moto. Kuanzia siku hiyo pikipiki ililala nje chini ya turubai hadi nilipomaliza kazi.

Jaribio la kwanza lilikuwa silikoni. Kijana mmoja wa kijiweni aliipaka kuzunguka kishikio cha kuzungushia koki, nikamlipa elfu tatu, nikaenda zangu. Siku ya nne ilikuwa imevimba na kulainika kama maandazi yaliyolowa, nikaibandua kwa kucha. Silikoni ya kawaida haihimili petroli, na kibaya zaidi vipande vyake vikiingia ndani vinaziba tundu za kabureta. Mpira wa tyubu ni hivyo hivyo: ukiukata ukautia kwenye koki, ndani ya wiki unavimba na kishikio hakizunguki tena.

Jaribio la pili ndilo lililoniuma. Nilinunua koki mpya kabisa, elfu kumi na nane, isiyo na jina lolote juu yake. Matundu ya bolti yalikubali, ikakaa vizuri, haikuvuja. Nikafurahi. Wiki hiyo hiyo nilikuwa natoka Lindi, pikipiki ikazima karibu na njia panda ya Mnazi Mmoja. Nikaweka rizevu, haikuwaka. Nikaitikisa, nikasikia petroli ikicheza ndani ya tangi! Nilinunua lita moja ya chupa kwa mama mmoja pembeni ya barabara ili nifike nyumbani.

Nilipoifungua nikaelewa. Ndani ya tangi koki ina bomba mbili: ndefu ni ya ON, fupi ni ya RES, yaani rizevu, na ile fupi inatakiwa kunyonya karibu na sakafu ya tangi. Ya hii koki mpya ilikuwa imepanda juu mno, kwa hiyo mafuta yote yaliyokuwa chini yake hayakuwa na njia ya kutoka. Na baada ya wiki tatu ikaanza kuvuja pale pale kwenye kishikio. Nikataka kuifungua nibadilishe mpira, kumbe bamba la mbele limefungwa kwa ribiti, si skrubu. Haifunguliki. Ukishaona ribiti dukani, jua unanunua kitu cha kutupa.

Ndipo nikaenda kwa fundi mmoja mtu mzima pale Magomeni, Mtwara mjini, aliyewahi kuitengeneza pikipiki hii enzi za baba. "Shikamoo fundi." "Marahaba mjomba. Koki ya zamani umeitupa?" Sikuwa nimeitupa. Akashusha pumzi. Akaniambia nikatafute seti ya mipira ya koki, na nije na chaki.

Chaki! Mimi ni mwalimu, chaki sikosi, lakini sikuelewa. Aliirudisha koki ya zamani kwenye tangi, akaifuta hadi ikakauka, akasaga chaki na kuipaka unga wake pote: kwenye maungio ya tangi, vichwa vya bolti, kishikio, na mdomo wa kutolea. Tukakaa tukanywa kahawa. Baada ya kama robo saa unga ulikuwa mweupe kila mahali isipokuwa mstari mmoja wa kijivu uliotokea chini ya kishikio. Kisha akachomoa bomba la mpira linalopeleka mafuta kwenye kabureta, akaweka koki OFF na kutega kichupa. Tone. Baada ya muda, tone jingine. Kwa hiyo ilikuwa na magonjwa mawili: inavuja nje kwenye kishikio, na imefungwa lakini inapitisha.

Hili la pili watu wengi hawalijali kwa kuwa halionekani. Koki ikipitisha na sindano ya kabureta, ile inayozuia petroli isizidi, nayo ikiwa imechoka, petroli inashuka usiku kucha. Kwenye injini ya two-stroke kama hii, inayochoma oili pamoja na petroli, inajaa chini ya injini, asubuhi plagi imelowa na unapiga kiki hadi mguu unakufa ganzi. Kwenye four-stroke, ambayo oili yake inakaa chini ya injini, inaweza kuingia kwenye oili hiyo na kuifanya nyepesi, nayo injini inasagika huku ukidhani una oili ya kutosha. Pikipiki yako ya four-stroke ikivuja, chomoa kijiti cha oili unuse kabla hujaiwasha.

Seti niliipata elfu sita: mpira wa kishikio wenye matundu, oringi (pete ya mpira) ya tangini, na washa (vipete) mbili za bolti. Tulimwaga mafuta yote kwenye dumu, tukasogea mbali na wachomeleaji wa jirani. Skrubu mbili za bamba zilikuwa zimeshikwa na kutu ya chumvi, jambo la kawaida kwetu pwani. Fundi hakutumia nguvu. Alizilowesha kwa mafuta ya kulainishia, akaweka bisibisi inayojaa kichwa cha skrubu, akaigonga kwa nyundo mara kadhaa, ndipo akazungusha. Zikaachia zote bila kuliwa.

Mpira wa zamani ulitoka mgumu kama kifungo cha shati, na kuzunguka kila tundu ulikuwa na duara lililobonyea. Mimi ningeweka mpya na kufunga. Fundi alipitisha kidole upande wa kishikio unaosugua mpira, akanipa na mimi nipitishe: kulikuwa na mikwaruzo, na kutu nyeupe ya alumini. Akalaza msasa laini wenye maji juu ya kipande cha kioo na kukisugua kishikio kwa mzunguko hadi uso ukawa sawasawa, unang'aa. Alitumia karibu nusu saa. Naamini hiyo ndiyo iliyoponya koki, kwa sababu mpira mpya juu ya uso wenye mikwaruzo unakatika tu. Halafu ile washa ya springi iliyopindapinda kama wimbi, inayokandamiza kishikio, aliikunja kidogo irudishe nguvu.

Seti ilikuwa na kasoro moja. Oringi ya tangini ilikuwa nyembamba kuliko ya zamani, na tulipojaza mafuta chaki ikalowa kwenye maungio. Nilirudi dukani, nikapata nyingine nene kwa mia tano. Washa za bolti usizidharau pia; bolti zile zinapita hadi ndani ya tangi, kwa hiyo ukirudisha washa zilizobonyea petroli inafuata nyuzi za bolti na wewe utailaumu oringi.

Ufundi nililipa elfu tano na nikaongeza, maana mzee alistahili. Huu ni mwezi wa nane tangu tuitengeneze. Imepita masika, imepanda Newala na kurudi, imelala na tangi limejaa. Kishikio kinazunguka laini, kinasimama kila alama. Pikipiki imerudi ukumbini, na ninapaka chaki kila mwisho wa mwezi.

Seti hiyo nitainunua tena bila kusita. Koki mpya ya aina ile hata nikipewa bure sitaifunga. Ukienda kununua, chukua mpira wako wa zamani mfukoni, ulaze juu ya mpya kabla hujalipa na utazame mwanga unapita kwenye matundu yote. Yasipolingana hata kidogo, kishikio kitaonyesha OFF wakati tundu liko nusu wazi. Oringi nayo ipime unene, si upana peke yake.