Busta ya netiweki: ugomvi wangu ni na fundi, mashine sijui niseme nini

Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Lakini juzi nimemwona kijana sokoni amebeba boksi lilelile la busta, ile mashine ya kukuza mawimbi ya simu, amelikumbatia kama mtoto, anakwenda nalo nyumbani, na roho ikaniuma. Basi naandika.

Ninakaa Mbale, mashariki mwa Uganda, upande ule nyumba zinapoanza kuegemea mlima Wanale. Anayepajua anajua. Nyuma yako ukuta wa mwamba, pembeni tofali, juu mabati, na ukiingia ndani simu haikusaidii kitu ila tochi. Miaka yote tumeishi hivyo. Ukitaka kuongea unatoka nje, unasimama karibu na tangi la maji, unageukia mjini. Mvua ikinyesha, huongei. Nilishazoea, wala sikulalamika.

Kilichobadilisha mambo ni binti yangu kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Wenyewe aliokwenda kwao humpa simu Ijumaa jioni tu, na si kila Ijumaa. Ukiikosa simu hiyo, umekosa wiki nzima hujui mtoto wako amekula nini, analala wapi, anaumwa au mzima. Wazazi wenzangu wenye watoto huko wananielewa.

Ndiyo maana nilitoa shilingi 650,000 kununua busta. Nauza vitenge, najua ni majora mangapi hayo. Dukani waliniambia, "Hajati, utapata vijiti vyote vya netiweki mpaka chooni, na fundi wetu anakuja kukufungia bure." Jina la duka silitaji. Mimi neno "bure" lilinifurahisha, kumbe hapo ndipo palipokuwa na shida.

Fundi alikuja mchana, kabla ya Ramadhani. Hodi hakupiga, salamu hakutoa. Aliingia sebuleni na viatu vyake vya matope akapita juu ya mswala wangu. Nilikuwa nimetoka kuswali adhuhuri, sijaukunja bado. Alama ya soli ilibaki pale kwenye mahali pa kusujudia, mistari yote unaihesabu. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo panaswaliwa." Akasema, "Sawa, sawa," huku anaangalia dari.

Mswala niliufua. Lile "sawa, sawa" mpaka leo bado nalisikia.

Kazi yenyewe haikumchukua hata nusu saa. Antena ya nje aliifunga kwenye nguzo ya kuanikia nguo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, chini kabisa, mkono wangu unaifikia. Ya ndani akaipachika dirishani upande uleule. Kati ya hizo mbili hapafiki hatua tatu. Mashine akaiweka juu ya kabati, ikawaka taa nyekundu. Nikamuuliza, mbona nyekundu? Akasema nyekundu maana yake inafanya kazi kwa nguvu. Nikaamini, maana yeye ndiye fundi.

Jioni ile vijiti vilijaa kweli. Nikafurahi. Nikapiga simu, inaita, naambiwa "alo," halafu inakata. Napiga tena, inakata. Kufika usiku jirani yangu wa mobaili mani, anayetumia watu hela kwa simu, akaja mlangoni analalamika kwamba tangu mchana hela za wateja zinakwama, menyu haifunguki, watu wanamgombeza. Mwingine akasema simu yake inakufa akifika tu kwenye uzio wangu. Sikujua kama yanahusiana.

Nikampigia fundi, kutoka kwenye tangi. Siku ya tatu ndiyo akaja, na hakushuka kwenye bodaboda. Mguu mmoja chini, mwingine juu ya pikipiki, wajukuu wangu wamesimama pale wanasikiliza. Akasema: "Hajati, simu yako ndiyo mbovu. Na hivi vitu si vya umri wako." Akaondoka.

Nina miaka hamsini na minane. Nimesomesha watoto wanne kwa cherehani na vitenge. Simu yangu ni nzuri, alininunulia binti huyohuyo aliye Saudia kwa mshahara wake wa kwanza.

Ijumaa iliyofuata nilikaa na simu mkononi tangu alasiri. Nikaona jina lake likitokea, nikabonyeza, ikakata. Likatokea tena, ikakata. Mara ya tatu nilikimbia nje kwenye tangi, na nilipofika ilikuwa imeshanyamaza. Hakupiga tena, muda wake uliisha. Nililia pale pale, sioni haya kusema.

Hapo ningempa yule fundi na duka lake sifuri, wala nisingeandika neno jingine. Lakini haki lazima isemwe.

Karibu yetu amepanga kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Kiislamu, hiki chetu cha hapa Mbale. Alikuja mwenyewe baada ya kusikia malalamiko ya majirani. Alivua viatu mlangoni. Akazitazama zile antena mbili, kisha akaniuliza, "Hajati, msikitini maikrofoni ikisogezwa karibu na spika hutokea nini?" Nikamwambia inapiga yowe. Akasema ndicho kinachotokea hapa, ila yowe lenyewe hatulisikii kwa masikio. Antena ya nje inachukua mawimbi ya mnara, mashine inayakuza, ya ndani inayamwaga chumbani. Zikikaribiana, ya nje inayadaka tena yaleyale ya ndani, yanakuzwa upya, yanazunguka hivyo hivyo mpaka mashine inapiga kelele hewani na kuuziba mnara usiwasikie majirani. Na taa nyekundu ilikuwa ndiyo onyo lenyewe! Siku zote zile mashine ilikuwa inaomba msaada, na mimi nimeambiwa inafanya kazi kwa nguvu.

Akaizima. Dakika chache baadaye mobaili mani ya jirani ikafunguka. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na kunako nyumba mbili sikuitikiwa vizuri.

Jumamosi kijana alirudi na mti mrefu wa mkalitusi. Akaipandisha antena ya nje juu ya paa, akaielekeza mjini kwenye mnara. Ya ndani akaipeleka chumba cha nyuma, ikaipa mgongo ile ya nje. Mabati yaleyale yaliyokuwa yananinyima netiweki sasa yakawa katikati yao, yanazuia moja isiisikie nyingine. Akanionyesha kwenye simu, ukiingia mipangilio, kwenye hali ya laini, kuna namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Vijiti usiviamini, alisema, angalia ile namba, kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu, na kila kumi unazopanda nguvu imezidi mara kumi. Kabla ilikuwa -113. Ikawa -88. Taa kijani. Nikampigia dada yangu Tororo nikiwa nimekaa kitandani, kwa mara ya kwanza tangu nyumba hii ijengwe, na tuliongea mpaka vocha ikaisha.

Kwa hiyo mashine ni nzuri. Ndivyo nilivyosema siku ile, na ningewaambia wote nunueni.

Ijumaa ikafika. Binti anapiga kwa WhatsApp, maana simu ya kawaida kutoka Saudia nani ataiweza. WhatsApp ikagoma. Nikamwita kijana, akasoma maandishi ya nyuma ya mashine, akatingisha kichwa. Ni ya bendi moja, yaani njia moja tu ya mawimbi, ile ya 900, inayosaidia simu za kawaida. Intaneti yangu ya 4G inapita bendi nyingine ambayo mashine hii haiigusi kabisa. Na dukani nilisema! Nilisema kwa mdomo wangu kwamba ninataka kuongea na mtoto kwa WhatsApp, na muuzaji akaitikia, "Hakuna shida, Hajati." Bando ninanunua, kodi ya asilimia 12 juu ya intaneti ninalipa kama kila mtu tangu 2021, halafu nauziwa mashine isiyojua hata intaneti ni nini.

Kijana akaniambia pia kwamba vifaa kama hivi vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, kwa sababu hiyo ya kuharibia wengine. Dukani hakuna aliyenigusia. Nilipokwenda kuuliza cheti, waliniambia fundi ameacha kazi na mwenye duka amesafiri.

Sasa ninaendaje? Simu ya pili ninaitia kwenye mfuko wa nailoni, naining'iniza kwenye chuma cha dirisha la juu linaloangalia mjini, inagawa intaneti, na mimi nakaa chini yake na ile nzuri. Mfuko ni wa shilingi mia mbili. Ijumaa iliyopita tuliongea dakika kumi na tisa. Amekonda, lakini alicheka.

Busta nimeizima mpaka nijue kama inaruhusiwa. Kuna siku natamani kuiwasha niongee na dada yangu, na kuna siku natamani kuirudisha niipige juu ya meza yao. Ule mpira wa baiskeli kijana alitaka kuutupa, nikamkatalia. Nimeuweka kwenye droo pamoja na risiti, na siku mwenye duka akirudi safari nakwenda navyo vyote viwili.