Kliniki ya mgongo, mabenchi ya chuma

Hivi ni nani aliyeamua kliniki ya mgongo iwekwe mabenchi ya chuma? Majuzi nilifika hapo Upper Hill kutoka Kayole, matatu mbili, kila tuta nimelihesabu kwa kiuno. Nikasimama karibu na mlango, maana kukaa ndio ugonjwa wenyewe ulionileta. Dada wa mapokezi, macho kwenye simu: "Mama, keti kama wenzako, unaziba njia." Nikamweleza. Akacheka. "Kwani ni wewe wa kwanza kuumwa na mgongo?" Nikaketi. Dakika arobaini hivi, tako moja hewani kama niliyechutama kwenye choo cha shimo. Bado kinaniuma kile kicheko.

Daktari naye hata kitini hakuinuka. Akaitazama eksirei, akasema mifupa iko sawa, nipunguze uzito. Kumwona tu kulimeza pesa za unga na mafuta ya mwezi. Nyota moja, na ni kwa vile choo kilikuwa na maji.

Lakini sijamaliza. Alinielekeza chumba cha mwisho, kwa kijana wa fiziotherapia. "Mama, nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma." Nikaweka chini ya kiuno, upande wa kulia, penye kile kishimo. Akanilaza chali, akakunja goti langu, akalisukuma paja kuelekea kitandani. Akaukunja mguu kama tarakimu 4. Akaibana nyonga. Mara zote tatu nilipiga mayowe. Akasema huenda si pingili za mgongo, ni kile kiungo kinachoshikanisha nyonga na mfupa mpana wa chini ya mgongo, na eksirei mara nyingi haionyeshi kitu hapo. Nimejifungua karibuni? Kitindamimba wangu ana miezi saba! Kumbe mimba hulegeza kano za hapo kumtengenezea mtoto njia, na wengine hubaki na maumivu. Nami muda wote nalilaumu godoro.

Alinipa mkanda wa kufunga kwenye nyonga (si tumboni, nilikuwa nimeanza kuukosea) na zoezi la kuinua makalio nikiwa nimelala chali. Wiki chache tu, sasa najigeuza usiku bila kumwamsha Baba Joy.

Basi nyota nne? Tatu. Hapana, kijana apewe tano zake, mapokezi wabaki na benchi lao.

Alhamisi nina miadi. Nitasimama palepale mlangoni.