Kadi ya pripeidi kwa mgeni anayefanya kazi Mwanza, mimi nimeikubali

Wakenya, Waganda, Warundi na wengine wote mliokuja kufanya kazi huku Mwanza na bado mnalipia vitu vya mtandaoni kwa kadi ya benki ya nyumbani, hii nawaandikia nyinyi. Mimi ni mtu wa Kisumu, ni mhasibu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na sasa hivi natumia kadi ya pripeidi ya benki moja ya hapa mjini, tawi lao lipo Kenyatta Road. Ni Visa, unaijaza shilingi za Tanzania kwanza ndo unatumia, na kwa mtu mwenye mshahara wa huku naona hakuna kadi ya kuanza nayo inayoizidi hii.

Kilichonisukuma ni ada ya ACCA, kile chama cha wahasibu cha Uingereza. Ile inadaiwa kila mwaka kuanzia Januari 1, na ukiwa bado na mitihani kuna Machi, Juni, Septemba na Desemba, yote unalipia kwa paundi na wanataka kadi, hakuna habari ya kutuma kwa wakala. Sasa kadi yangu ya Kenya ilikuwa inanitesa kwa sababu ukishaandika zile namba 16 na zile 3 za nyuma, benki inatuma meseji yenye namba ya kuthibitisha, meseji inaenda kwenye laini ya Kenya, laini ya Kenya hapa Mwanza siku inashika siku haishiki, dakika zinaisha malipo yanakataa unaanza upya. Halafu ukiangalia hela yenyewe imepita wapi utasikitika, mshahara ni shilingi ya Tanzania, unautuma nyumbani unakuwa shilingi ya Kenya, kisha ndo unageuka paundi, na kila inapogeuzwa kuna mtu anakata chake. Mimi kazi yangu ni kuhesabu hela za watu, siwezi kukubali za kwangu ziishie njiani namna hiyo.

Kuhusu kadi ya mkopo sitazungumza sana. Niliuliza, nikaambiwa mshahara wote upitie kwao au niweke hela yangu mwenyewe iwe dhamana, na rekodi yangu nzuri ya mikopo ya Kenya huku haikuwa na uzito wowote. Kwa mgeni mwenye kibali cha miaka 2 mimi naona haina haja, hela ya kuweka dhamana si bora uiweke kwenye kadi uitumie.

Karatasi sasa, maana hapa ndo watu wengi wanakwama. Ule muhuri wa miezi 6 tunaogongewa pale mpakani Sirari kama Wanaafrika Mashariki haukupi akaunti kwenye benki hii, wanataka kibali cha kuishi kutoka Uhamiaji, na kwa mwajiriwa ni daraja B. Kibali cha kazi ni kitu kingine kabisa, beba vyote viwili. Pasipoti, namba ya mlipakodi ya TRA, barua ya mwajiri, picha, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unaoishi. Hii ya mtaa msiidharau jamani. Mwenyekiti wetu ni mzee mmoja mstaarabu sana, nilimpa shikamoo nikamweleza, akaniuliza kwa nani nimepanga na jirani yangu ni nani, akaandika kwa mkono wake akagonga muhuri, na pale benki hiyo ndo karatasi waliyoisoma kwa makini kuliko hata barua ya kiwanda yenye nembo ya rangi.

Na majina! Dada wa dawati la wateja aliweka pasipoti na kibali pamoja mezani, akapitisha kalamu neno kwa neno, akasema "kaka, huku jina la baba limeanza, kule limekuja mwisho, tukiingiza hivi kadi yako itatoka na jina ambalo siyo la pasipoti." Akaandika kwenye kikaratasi mpangilio mmoja, akanipa nisome kwa sauti, nikakubali ndipo akaingiza kwenye kompyuta. Dakika kama tatu hivi, lakini ndo zilizonifanya niipende huduma yao, kwa sababu hoteli wanalinganisha jina la kadi na la pasipoti na ukishafika kaunta usiku na mabegi huna pa kwenda kubadilisha. Kisha akaniuliza namba ya simu, akasisitiza iwe laini ya Tanzania iliyosajiliwa kwa alama zangu za vidole, siyo ya rafiki wala ya ofisini. Tangu hapo meseji ya kuthibitisha inaingia kabla sijamaliza hata kusoma ukurasa.

Bei ya kadi haikufika nauli ya basi la kwenda Sirari. Kuijaza unaweza kutoka kwenye akaunti au kwa simu, mimi naweka kiasi cha malipo ninayotaka kufanya na kidogo juu yake, maana wanapogeuza kwenda paundi au dola wanaongeza asilimia yao na salio likipungua kidogo tu malipo yanagoma. Mshahara unabaki kwenye akaunti, kwa hiyo hata namba za kadi zikiibiwa mtandaoni mwizi anakuta hela ya soda.

Madukani inategemea. Rock City Mall nimeswaipu bila shida, hoteli za Capri Point pia, ila ukishuka Makoroboi au ukienda Mwaloni kununua samaki usiitoe hata mfukoni, kule ni keshi au Lipa Namba, yaani namba ya biashara unayoilipa kwa simu, na mama ntilie karibu na kiwanda naye ana Lipa Namba yake ukutani. Ukitumia kadi ya nje kwenye ATM au mashine ya dukani ikakuuliza ukatwe kwa shilingi ya Tanzania au kwa hela ya kwenu, chagua ya Tanzania, ukichagua ya kwenu unabadilishiwa palepale kwa bei yao wanayojua wenyewe. Na msishangae kuona bei za dola zimeondoka, kanuni za tangu Machi 28, 2025 zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni hapa ndani, akaunti ya dola bado unaweza kuwa nayo lakini kwenye kaunta ni shilingi.

Kuna mtu ataniuliza mbona usichukue ile kadi ya mtandaoni ya kampuni za simu. Ni nzuri, na kama huna benki kabisa chukua hiyo, inatengenezwa ndani ya simu saa hiyohiyo. Lakini huwezi kuishika mkononi, na mimi nasafiri kikazi, hoteli wakisema tuone kadi nitawaonesha nini.

Malalamiko ninayo. Kadi inatengenezwa Dar es Salaam na ilichelewa kuliko walivyoahidi, na kila nikipiga huduma kwa wateja naambiwa ipo njiani, mtu mwenye tarehe ya ada hawezi kuishi kwa majibu hayo. Kubwa zaidi ni hili la kibali, kikifika tarehe ya mwisho mfumo unafunga kadi hata kama maombi ya kuongeza muda yapo Uhamiaji na risiti unayo mkononi. Mwenzangu wa India alifungiwa katikati ya msimu wa mitihani ya mtoto wake, hela ipo, anaiona kwenye simu, haitoki. Hili benki walishughulikie, mtu mwenye risiti ya Uhamiaji wampe hata mwezi mmoja wa kupumua.

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya hiyo habari ya kibali, na wewe mwenye kibali kinachoisha mwaka huu, lipia ada zako na uhamishe salio kwenda kwenye simu wiki kadhaa kabla ya tarehe.