TAHADHARI: Mnaokwenda Ajmer, mkivuka hadi Pushkar msipokee ua

Ndugu zangu, hasa mnaokwenda India kuzuru kaburi la walii Khwaja Moinuddin Chishti pale Ajmer. Pushkar iko nyuma ya mlima tu, haizidi kilomita 15, na madereva wa teksi lazima watakushawishi. Nendeni, mji ni mdogo na mzuri. Una ziwa takatifu lililozungukwa na ngazi za mawe, yaani ghat, zipatazo 52, na hekalu la Brahma, mungu muumbaji wa Wahindu, ambalo mfano wake ni nadra hata huko India kwenyewe. Ila pale ziwani kuna watu kazi yao ni kumkamua mgeni.

Mchezo unaanza na ua. Unapita zako sokoni, kijana anakutia waridi mkononi: bure dada, katupe ziwani, leo sikukuu. (Kwa mgeni kila siku ni sikukuu.) Ukishalipokea anakupeleka hadi kwenye ngazi, mnavua viatu, anatokea bwana mwingine na sinia: maua, mchele, sukari, unga mwekundu, nazi. Anakwambia ufuatishe maneno yake.

Mama mmoja wa Mombasa tuliyekuwa naye alifuatisha, kwa adabu tu. Yakaja maswali. Mama yako yu hai? Una watoto wangapi? Wanaitwaje? Kila aliyetajwa akaombewa, halafu hesabu ikapigwa kwa majina yaleyale: kwa afya ya mama utatoa dola ngapi? Na kwa huyu kifungua mimba? Alipotoa noti ya rupia 100 yule bwana akaikataa, akasema wageni wenzake hutoa dola mia, na kwamba sadaka ikipunguzwa mkosi unawarudia watoto. Mama wa watu akaanza kutetemeka, mkono tayari uko kwenye pochi. Tulimwinua tukaondoka naye, huku nyuma tunatukanwa. Anayemtisha mzazi kwa watoto wake ni tapeli, hata avae nini.

Wanaolipa hufungwa uzi mwekundu mkononi. Watalii wanauita pasipoti ya Pushkar, maana ukiwa nao wale wengine wanakuacha upite.

Sisemi makuhani wote wako hivyo. Wahindu wanaokuja kuhiji wana ibada zao pale na wanastahili heshima: viatu vuliwe karibu na maji, na simu ikae mfukoni, kwani kuwapiga picha wanaooga hakuruhusiwi. Kama nawe unataka kuombewa, kubalianeni kiasi kabla hujakaa, kwa rupia, na majina ya wanao yabaki kwako. Hutaki? Usipokee ua, usisimame, usijibu umetoka nchi gani. Hekalu la Brahma kuingia ni bure, asikuuzie mtu tiketi barabarani.

Akina mama, jihadharini pia na wachoraji wa hina. Anakushika mkono "kukusalimia", ukitahamaki ua limeshachorwa na unadaiwa. Ile nyeusi ti inayokauka haraka huwa imetiwa dawa ya kutia nywele rangi, inaweza kuunguza ngozi.

Wakati wa maonyesho ya ngamia, Oktoba au Novemba mwezi mpevu ukikaribia, mji unafurika na bei za vyumba zinapaa. Chumba kiwekeni mapema na bei iandikwe, la sivyo laleni Ajmer mwende na kurudi.